USIGUSE, LINAFANYA KAZI

Vijana wenzangu, kuna msemo mmoja ambao nataka tuuzike leo, bila matanga wala arobaini. Msemo wenyewe ni huu: "Usiguse, linafanya kazi."

Umeusikia bwana, usijifanye mgeni. Wengi wetu tunaoandika kwenye kurasa hizi hatuli kwa mashairi. Mchana tunaandika programu za kompyuta kwenye ofisi za watu, usiku ndipo tunarudi kwenye hadithi zetu. Na siku ya kwanza kazini kila mmoja amepitia jambo lile lile. Umefungua mradi, ukaona faili dogo limekaa mbele kabisa, nje ya folda zote. Labda linaitwa tsconfig.json, labda Makefile, labda CMakeLists.txt. Ukauliza, "Kaka, hili ni la nini?" Kaka mkubwa wa ofisi hata shingo hakugeuza. "Hilo la kompaila. Usiguse, linafanya kazi."

Nawe hukuligusa. Miaka mitatu baadaye akaja kijana mwingine, akakuuliza swali lile lile, nawe ukamjibu vile vile, kwa sauti ya mtu anayejua. Kumbe hujui. Na yule aliyekujibu wewe naye hakujua. Huu ndio ubabaishaji ninaotaka kuusema leo, na nitausema kwa majina yake, pamoja na jina langu mimi mwenyewe.

Najua wapo watakaonuna. Watasema gazeti la fasihi lina biashara gani na mafaili ya kompyuta. Hebu tuambizane ukweli. Kompaila ni programu inayosoma kile alichoandika binadamu na kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Njiani inasahihisha. Inasema, hapa umekosea, hapa nina mashaka, hapa umeita jina ambalo hukulitaja popote. Sasa lile faili dogo ni barua ya maagizo anayopewa huyo msahihishaji. Linamwambia kosa lipi alipigie kelele, lipi alinong'one, na lipi alione akauchune. Kwa maneno mengine, katika mradi wenye kurasa elfu, ule ukurasa mmoja ndio unaoamua nini kihesabiwe kuwa kosa kwenye kurasa nyingine zote. Nani asiyesoma ukurasa kama huo? Sisi! Sisi tunaojiita wasomaji.

Sasa niwaambie yaliyonikuta, maana hasira hii sikuiokota barabarani.

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ndogo hapa Dar. Tulikuwa tunaandika programu ya chama cha kuweka na kukopa, wanachama wake wengi ni akina mama wa sokoni. Tuliandika kwa TypeScript. Alikuja binti mmoja wa mafunzo, mwepesi, anauliza sana, anaandika vizuri kuliko baadhi yetu tuliokuwa na mishahara. Jina lake silitaji kwa sababu sina ruhusa yake. Akapewa kazi ya kuandika sehemu inayomtafuta mwanachama kwa namba yake, inachukua akiba yake, inajumlisha na amana mpya, halafu inapeleka jumla kwenye kioo cha karani.

Ameandika. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Kompaila kimya. Tukaipeleka kazini.

Siku ya tatu mama mmoja muuza vitumbua akaenda kuomba mkopo wa kulipia ada ya mwanawe. Karani akamwangalia, akaangalia kioo, akamwambia, "Mama, huna akiba. Hapa inasoma sifuri." Mama yule alikuwa ameweka akiba kila wiki kwa miaka minne. Alikaa chini pale pale kaunta.

Kilichotokea kilikuwa kitu kidogo cha kuchekesha, kama kisingekuwa fedha za watu. Daftari la zamani liliandika namba kwa kuanza na sifuri, 0412. Fomu mpya ilikuwa inazila sifuri, inatafuta 412. Haimpati mtu. Programu ikitafuta mtu isimpate, inarudisha undefined, yaani hakuna kitu. Ukijumlisha "hakuna kitu" na shilingi elfu tano, JavaScript haigombi, inakupa NaN, maana yake "hii si namba". NaN ikiandikwa kwenye JSON inageuka kuwa null. Na kioo cha karani, kikiona null, kiliambiwa kionyeshe sifuri. Hatua nne, na hakuna hata moja iliyopiga kelele. Wanachama thelathini na kitu walisomeka maskini kwa siku mbili. Kumbukumbu zenyewe za amana zilikuwa salama, tukarudisha hesabu zote, shilingi haikupotea. Lakini aibu haina kumbukumbu ya kuirudisha.

Kikaitishwa kikao. Bosi akauliza nani ameandika. Binti akasema ni mimi. Akaulizwa kwa nini hakuangalia kama mwanachama amepatikana au la. Akajibu jambo ambalo mle chumbani hakuna aliyelielewa, isipokuwa mtu mmoja. Alisema, "Mkubwa, nyumbani ninapojifunzia, kompaila ingeniambia. Hapa haikusema kitu, nikajua niko sawa."

Bosi akadhani anatafuta visingizio. Ijumaa ile ile akaambiwa asirudi.

Mtu mmoja aliyemwelewa ni mimi. Kwa sababu lile faili nililileta mimi. Mwaka 2019 nilikuwa nahamisha mradi wa zamani kutoka JavaScript, kompaila ikanimwagia makosa skrini nzima. Mshikaji mmoja kijiweni akaniambia, "Chukua faili langu, halisumbui." Nikachukua. Likakaa kimya kweli. Nikalinakili mradi wa pili, wa tatu, hadi huu wa akina mama. Lilikuwa na mistari 61. Mimi naielewa minne. Ndani yake kulikuwa na "experimentalDecorators", na sisi hatukuwa na dekoreta hata moja. Kulikuwa na maagizo ya kurasa za React katika programu isiyo na React. Yalikuwa maagizo ya nyumba ya mtu mwingine, na katikati yake umekaa mstari huu:

"strict": false

Kikaoni niliuchuna. Naandika hivyo hivyo, bila kulipamba. Nilikuwa na kodi ya nyumba, nilikuwa naogopa, niliuchuna.

Jumamosi nikafungua kompyuta nyumbani. Nikawasha kitu kimoja tu, strictNullChecks, nikaiendesha kompaila. Ikatoa makosa 312. Nikatafuta faili la binti. Lilikuwemo, na mstari wenyewe umetajwa kwa namba: kitu hiki huenda kikawa undefined. Tulichokihangaikia watu sita kwa siku mbili, kompaila ilikuwa inakijua muda wote. Sisi ndio tuliiambia inyamaze.

Jumatatu nikamwambia bosi. Akasema, "Yameisha hayo." Nikampigia binti kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hana hata haraka. Akasema, "Asante kaka. Ila ungeyasema pale mezani."

Basi nayasema hapa. Nimechelewa, lakini nayasema.

Turudi kwenye strict, maana wengine mnalisikia neno hili kama jina la sabuni. Mwaka 1965 Mwingereza Tony Hoare, akitengeneza lugha iliyoitwa ALGOL W, aliingiza rejeo tupu, yaani jina linaloweza kuelekeza pasipo na kitu. Mwaka 2009 alisimama mbele ya watu jijini London akakiri kwamba lile lilikuwa kosa lake, akalipa thamani ya dola bilioni moja. Mzee wa hadhi ile, mwenye tuzo zote, alikiri mezani! TypeScript ilitolewa hadharani na Microsoft mwaka 2012, na mwaka 2016, kwenye toleo la 2.0, ikapata swichi ya strictNullChecks, inayoilazimisha programu kujibu swali hili: na kama hakuna kitu, utafanyaje? Mwaka 2017 swichi hiyo na nyingine kadhaa zikafungwa kifurushi kimoja kikaitwa strict. Lakini kwa miaka mingi, ukinyamaza bila kuandika neno hilo kwenye faili lako, nayo kompaila ilinyamaza. Dawa ilikuwepo kabatini. Ilitaka mtu asome maandishi kwenye chupa.

Msidhani ni sisi maskini wa Afrika tu tunaoumizwa na maandishi haya. Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa toleo la iOS 7.0.6 kwa haraka. Kwenye msimbo unaohakiki kwamba tovuti unayoongea nayo ndiyo yenyewe, mstari mmoja, "goto fail", uliandikwa mara mbili. Mstari wa pili ukairusha programu ikapita juu ya uhakiki wenyewe. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu iOS 6, ya mwaka 2012. Uhakiki uliofuata baada ya mstari ule ulikuwa msimbo uliokufa, ambao mashine haiwezi kuufikia kamwe. Sasa sikilizeni. Kompaila ya Clang, ambayo Apple wenyewe wanaitumia, ina swichi ya kuonya kuhusu msimbo usiofikika. Inaitwa -Wunreachable-code. Ila swichi hiyo haimo ndani ya -Wall. Jina -Wall linamaanisha maonyo yote, na vijana wengi wanaandika -Wall wanalala usingizi. Si yote! Hata GCC, kompaila mama ya mambo ya Linux, -Wall yake si yote. Nyongeza ziko kwenye -Wextra, na nyingine huko nje zinasubiri uzitaje moja moja. Neno "yote" limekudanganya kwa sababu hukusoma kurasa zake.

Na wale wa "linafanya kazi", wacha niwape kisa cha Make. Mwaka 1976 Stuart Feldman, akiwa Bell Labs, Marekani, alitengeneza chombo cha kuunganisha programu, nacho kikaja na faili lake, Makefile. Akaamua kwamba mistari ya amri ianze na tabo. Siyo nafasi, ni tabo, vitu viwili ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha. Baada ya muda mfupi aliona kwamba lile halikuwa jambo zuri. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao marafiki zake, hakutaka kuwasumbua. Akaacha. Linafanya kazi! Watu kumi na wawili wakahurumiwa, na hadi leo hii Makefile ya kawaida inadai tabo, na kijana wa chuo bado anapoteza jioni nzima anatafuta kosa lisiloonekana. Feldman ni mtu wa heshima, chombo chake kilipewa tuzo na chama cha ACM mwaka 2003, simsimangi. Nasema tu kwamba "tusiguse" ina bei, na mara nyingi anayelipa si yule aliyesema.

Sasa nifike penye hatari yenyewe. Msipokumbuka mengine yote, hili kumbukeni.

Mwaka 2024 dunia nzima ya Linux iliponea chupuchupu. Kuna chombo kidogo cha kubana mafaili kiitwacho xz, kinatumiwa na mashine zisizo na idadi. Mtu aliyejiita Jia Tan alikaa kwenye mradi huo zaidi ya miaka miwili akisaidia kwa upole, mpaka akaaminiwa. Kisha akapandikiza mlango wa nyuma kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Na aliuficha wapi? Kwenye msimbo unaosomwa na watu? La hasha, jamaa hakuwa mjinga. Kipande cha kuuwasha alikiweka kwenye hati ya matayarisho, faili la aina ya m4, lile linaloendeshwa kabla ya kompaila kuanza kazi. Tena kipande hicho kilikuwemo kwenye kifurushi cha kupakua tu, kwenye ghala la wazi la mradi hakikuwemo. Alijua sehemu ambayo macho ya watu hayafiki.

Zaidi ya hapo. Kwenye CMakeLists.txt kulikuwa na jaribio dogo: andika programu fupi, jaribu kuikompaili, ikikubali ujue mashine hii ina ulinzi uitwao Landlock, uuwashe. Ndani ya ile programu fupi ilitiwa nukta. Nukta moja, peke yake, mwanzoni mwa mstari. Kwa nukta ile programu fupi haikompailiki kamwe, kwa hiyo jaribio linasema kila siku "ulinzi haupo", na ulinzi unazimwa kimya kimya. Sisi tunaogombana na wahariri kwa ajili ya koma, sisi tunaojua nukta inaweza kuua shairi, tuseme kweli: nani kati yetu angeiona nukta ile? Asingeiona mtu, kwa sababu hakuna anayefungua lile faili.

Mlango huo uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, aliyetoa taarifa tarehe 29 Machi 2024. Aligunduaje? Aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengine wote tungesema, "Si inafanya kazi? Nusu sekunde kitu gani?" Yeye akasema hapana, nitaangalia. Nusu sekunde ya mtu mmoja asiyekubali ndiyo iliyotuokoa.

Basi nawasikia wenye kubisha, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: "Nikiwasha strict yatatokea makosa elfu moja." Ndugu yangu, hayatatokea, yapo. Umewasha taa ukaona mende, sasa unailaumu taa? Halafu hakuna aliyekuambia uwashe yote kwa siku moja. Strict ni kifurushi, kifungue. Anza na swichi moja. Tengeneza tsconfig ya pili inayorithi ile kubwa kwa neno extends, ielekeze kwenye folda moja tu, ile ya fedha, isafishe, kisha nenda folda ya pili. Pale unaposhindwa kabisa, usiandike @ts-ignore, andika @ts-expect-error. Ya kwanza inafunika kosa milele. Ya pili, siku kosa likiisha, inakupigia kelele uiondoe. Mimi zile 312 zilinichukua wiki tano, saa moja kila asubuhi kabla ya kazi. Sikufa.

Wa pili anasema: "Hatuna muda." Muda wa kikao cha kumfukuza binti ulipatikana.

Wa tatu anasema: "Siku hizi mashine yenye akili bandia inaniandikia faili zima kwa sekunde moja." Najua, hata mimi naitumia. Lakini hapo ndipo penye tatizo lile lile la mshikaji wa kijiweni. Umepewa faili lisilosumbua. Umeuliza kwa nini halisumbui? Mashine inaweza kukueleza kila mstari, kwa hiyo hata kisingizio cha kutojua Kiingereza kimekwisha. Ukipokea mistari 40, basi muulize huyo aliyekupa maswali 40. Ukiona uvivu kuuliza, futa mstari.

Wa nne, na huyu ndiye ninayemheshimu, anasema: "Mimi ni kijana mdogo ofisini. Nikiligusa, likaharibika, nitafukuzwa." Kweli kabisa. Ofisi zetu nyingi zinaendeshwa kwa woga, na anayeuliza anaonekana hajui. Kwako sisemi ligusi kesho asubuhi. Nasema lisome. Kusoma hakufukuzishi mtu kazi. Amri tsc --showConfig itakuonyesha mipangilio iliyopatikana baada ya kurithi huku na kule, maana faili unaloliona mara nyingi limerithi kwa lingine, na hilo lingine lina wake. Amri git log -p ukiipa jina la faili itakuonyesha kila mabadiliko, nani ameyafanya na siku gani. Soma kama unavyosoma riwaya ya ukoo wenye ugomvi. Utakuta mstari umezimwa saa tano usiku kabla ya siku ya kukabidhi kazi, na maelezo yake yanasema "marekebisho madogo". Hapo umepata hadithi, na umepata hoja ya kupeleka kikaoni.

Nakuta wengine hawajui hata kama kompaila yao inasahihisha. Vyombo kama esbuild vinaivua TypeScript aina zake na kutoa JavaScript bila kukagua aina hata moja. Vimetengenezwa hivyo, vina haraka, si kosa lao. Lakini kama hakuna mahali mradi wako unapoendesha tsc --noEmit, basi hiyo strict yako, hata ikiwa true, ni picha ya askari iliyochorwa ukutani. Na hata tsc yenyewe kwa kawaida ikikuta makosa inayataja, halafu inatoa JavaScript vile vile, isipokuwa umeiagiza noEmitOnError. Watu wangapi wanalijua hilo? Mimi sikulijua kwa miaka minne, na nilikuwa nalipwa.

Ninachodai si kigumu. Kila mradi uwe na mtu anayelijibia faili hilo kwa jina. Kila mstari uwe na sababu, iliyoandikwa pale pale. Na sababu iandikwe kwa Kiswahili! Hapa nawasemesha waandishi. JSON ya kawaida haikubali maelezo, lakini tsconfig.json inakubali. Kwa nini tumeliachia Kiingereza kilichonakiliwa hata mahali ambapo mashine imeturuhusu kusema kwa lugha yetu? Faili langu la sasa linaanza hivi:

{
  "compilerOptions": {
    // Tunachokitafuta huenda kisipatikane.
    // Tulisahau hili 2022, mama mmoja akasomewa sifuri.
    "strictNullChecks": true,

    // Makosa yakiwepo, usitoe kitu.
    "noEmitOnError": true
  }
}

Mtu atakayekuja baada yangu, akitaka kuzima mstari ule, itabidi kwanza asome kisa cha yule mama. Akishasoma bado akauzima, basi angalau amefanya hivyo macho wazi, na jina lake litabaki kwenye kumbukumbu. Faili langu lilikuwa na mistari 61, sasa lina 19 bila kuhesabu maelezo. Ile mingine 42 niliifuta mmoja mmoja, naendesha majaribio kila mara. Unajua kilichoharibika? Hakuna. Tulikuwa tunaibeba tu, kama mtu anayetembea na funguo za nyumba aliyohama.

Kuna wanaoona haya ni mambo ya mafundi na kwamba mwandishi kazi yake ni roho za watu. Haya. Roho ya mama wa vitumbua iliumizwa na neno false. Binti alipoteza kazi kwa sababu ya neno hilo hilo, na kwa sababu mtu aliyelijua alikaa kimya. Kama hilo si jambo la kuandikwa kwenye gazeti la fasihi, basi niambieni fasihi yenu inahusu nini.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaniandikia barua ya kunipinga, fungua faili la kompaila la mradi wako. Chagua mstari mmoja ambao huwezi kuueleza. Mmoja tu. Uliza ofisini nani aliuweka na kwa nini. Ukijibiwa "usiguse, linafanya kazi", usibishane. Chukua kalamu, andika jina la aliyekujibu na tarehe, kisha kaa usome mwenyewe. Na siku akiulizwa mdogo wako jambo ambalo wewe ndiye unayelijua, sema pale pale mezani. Usingoje kuandika makala.